Mdomo wa Kukodi

"Embathaiz," Kulow alisema, na gurudumu la nyuma likamtemea tope usoni.

"Nini?" Nyamai, dereva, alitoa kichwa dirishani.

"Embathaiz. Neno ya Daktari. Nafanya mazoezi."

"Si hiyo ni dawa ya minyoo? Ile ya kondoo?"

"Wewe endesha gari, wacha mdomo."

"Nani ana mdomo hapa? Mimi niko na usukani tu. Haya, sukuma tena! Moja, mbili, embathaiz!"

Kulow akaweka bega, akasukuma mpaka macho yakamwiva, na Land Rover ikaruka kutoka shimoni kama ngamia aliyechomwa na chuma. Haikumngoja. Ilienda kusimama mbele kabisa, kwenye nyasi, na yeye akaikimbilia miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, huku Nyamai akicheka peke yake.

Huo ulikuwa mwaka wa El Nino. Ardhi ya kuelekea Ijara, ambayo siku zote hupasuka kama kisigino cha mchungaji, iligeuka uji. Maji yakasimama mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuona maji. Mbu wakaja wengi mpaka punda wakalia. Halafu mbuzi wakaanza kutupa mimba. Halafu damu puani. Halafu wakaanguka tu, kundi zima, asubuhi wako, jioni hawako. Wafugaji waliuita sandik, ugonjwa wa damu ya pua. Serikali ikafunga soko la mifugo la Garissa, na pale ambapo Kulow alishinda akipiga kelele katikati ya wauzaji wa kutoka Diff na Liboi na wanunuzi waliotoka Kenya (maana kule, ukivuka daraja la Tana, watu wanasema umeenda Kenya), wakabaki korongo tu, wale ndege wa mizoga, wanatembea polepole kama wazee wa kamati.

Soko lilipofungwa Kulow akapata kibarua cha ukalimani kwenye mradi mmoja wa mifugo. Kibarua, si kazi. Leo upo, kesho wanakuambia asante. Na kibarua hicho ndicho kilichomtia aibu kwa mzee Guleid, baba ya Ruweyda, siku alipoenda kuposa. Guleid alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kijiti cha meno, akatafuna, akatema.

"Kijana, binti yangu simuozi kwa mdomo wa kukodi. Asubuhi unasema ya huyu, jioni unasema ya yule. Yako ni yapi? Siku ukipata kazi ya kudumu, njoo tuongee."

Watu walicheka. Ruweyda alikuwa nyuma ya pazia, na Kulow alijua alikuwa nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo iliyouma.

Sasa Daktari Mutuma wa mradi alikuwa amemwahidi kazi hiyo. Daktari alikuwa Mmeru mrefu, mpole, mwenye miwani inayopata ukungu kila saa, na siku hiyo alikaa kiti cha mbele akiwa amepakata sanduku la barafu kama mtoto mgonjwa. Ndani ya sanduku kulikuwa na damu ya mbuzi wa maboma ya njiani. Kila gari likiruka, alifungua kifuniko, akachungulia, akafunga.

"Boma la Maka ndilo limebaki," alisema Daktari. "Ugonjwa ulianzia kwake. Nairobi wanataka damu ya wale mbuzi wake waliopona, na wanaitaka leo. Nipatie hiyo, Kulow, na kesho napeleka jina lako. Utakuwa wa kudumu."

"Inshallah, Daktari."

"Lakini si kama ile mara ya kwanza."

Mara ya kwanza walipofika kwa Maka, mbuzi walikuwa wamelala wafu kila mahali, na Kulow alitafsiri vile alivyozoea: Daktari anasema pole sana. Yule mama akawaangalia, akaangalia gari, injini inanguruma, akasema, "Hiyo pole iwekeni kwenye gari yenu, mrudi nayo." Wakarudi nayo.

Baada ya hapo Maka alifiwa. Mwanawe Mahat alikuwa amechuna mbuzi mgonjwa kwa mikono yake, akashikwa na homa, akaanza kutoka damu, akafa kabla hajapatikana mtu wa kumpeleka Garissa. Habari zilifika mjini. Katikati ya mambo hayo Daktari aliitwa semina Nairobi, na akarudi na neno.

"Sikiliza," alisema sasa, akigeuka nyuma, miwani ukungu tupu. "Pole ni ya mtu aliyesimama juu ya kisima, anamwangalia mwenzake aliye chini. Empathize ni wewe kuingia ndani ya kisima. Unaona tofauti? Na usiseme 'Daktari anasema'. Mkalimani wa kweli anasema 'mimi'. I empathize with you. Mtu asikie maneno, asikie kwamba yametoka moyoni."

"Sawa, Daktari."

"Rudia."

"I embathaiz with you."

"Vizuri sana."

"Minyoo yote imekufa," Nyamai akasema.

Kulow alitaka kumwambia Daktari kitu kuhusu visima. Alikuwa ameingia kisimani utotoni, akasimama kwenye ule mstari wa watu wanaopokezana ndoo kutoka chini mpaka juu. Mtu akiingia kisimani hatoki mpaka mifugo yote imekunywa. Ukitoka katikati, aliye chini yako anabaki na ndoo imejaa mkononi, hana wa kumpa. Lakini Daktari alikuwa ameshafungua sanduku tena, anahesabu barafu kwa macho, na gari likaingia kwenye maji ya lagga, yale makorongo makavu ambayo mwaka huo yalikuwa mito. Maji yalifika kwenye mlango. Nyamai akaacha kucheka. Walipotoka ng'ambo ya pili, akatazama mawingu upande wa juu.

"Daktari, hii ikinyesha huko juu tena, hatuvuki. Tunalala na fisi."

"Hatutakaa," Daktari akasema.

*

Boma la Maka lilikuwa na nyumba mbili za mikeka na zizi la miiba lililozidi mbuzi waliokuwamo. Upepo ulileta harufu ya mifupa iliyochomwa. Maka alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, mama mwembamba, shuka limefunga kichwa, na bintiye Saado alikuwa jikoni, mawe matatu na moshi. Majirani wachache walikuwa wamekaa kando. Hakuna aliyesimama gari lilipofika. Nyamai hakuzima injini, maana ikizima kwenye tope la aina ile, kuwaka tena ni mpaka Mungu apende.

Kulow aliteremka miguu mitupu. Viatu vyake alikuwa ameviacha ndani, chini ya kiti.

"Assalamu alaikum, eddo Maka."

"Wa alaikum salaam." Maka alimtazama kwa muda. Waliongea Kisomali, na eddo kwao ni shangazi. "Wewe ndiye Kulow wa soko."

"Ndiye mimi, eddo."

"Mahat alikutaja. Alisema, sokoni kuna kijana mmoja, akisema bei ni hii, bei ni hii." Akavuta shuka kichwani. "Tulikungoja."

Kulow alihisi masikio yakiwaka. Ni kweli alikuwa anamjua Mahat. Walikuwa wamekunywa chai pamoja mara nyingi, Mahat akicheka vile wanunuzi wa Kenya wanavyokagua meno ya mbuzi kana kwamba wanataka kumwoa. Na habari za kifo alizipata mapema. Alijiambia ataenda kutoa mkono wa taazia. Halafu akajiambia barabara ni mbaya. Leo barabara mbaya ile ile ilikuwa imemleta, lakini kwa ajili ya damu.

"Mwambie," Daktari alisema kwa sauti ya chini, akiwa tayari amevaa glavu. "Vile tulivyosema. Taratibu. Mwangalie machoni."

Kisha akasema mwenyewe kwa Kiingereza, na lazima tumpe haki yake, alisema vizuri, mkono kifuani, macho yamelegea. Alimaanisha. Lile neno lilitoka likiwa safi, na likakaa pale kati ya watu likingoja mdomo wa Kulow.

Kulow alikuwa na njia tatu. Angeweza kusema pole, na pole ilishafukuzwa boma hilo. Angeweza kusema Daktari anaelewa, na Maka angemuuliza ameelewaje, amezika nani. Na kulikuwa na ya tatu. Hiyo mpita njia haisemi. Anaisema mtu aliyekuja kukaa. Kwao, ukiisema mbele ya mwenye msiba, unavua viatu, unapewa nafasi kwenye mkeka, unakula na kunywa nao, na huondoki mpaka wenyewe wakuruhusu kwa midomo yao. Baba yake Kulow aliwahi kuisema kwa rafiki upande wa Liboi, na hakurudi nyumbani mpaka mama akamfuata.

Alijua yote hayo. Hapo ndipo ujinga wake ulipo. Alijua, lakini Daktari alikuwa anamwangalia kwa ile miwani, na neno lenyewe lilikuwa linalingana, wallahi, lililingana na lile la Kiingereza kama kifuniko na sufuria yake. Wiki nzima alikuwa akilitafuta. Mtu akipata kitu alichokitafuta wiki nzima, anaweza kukiacha?

"Eddo Maka," akasema, akimwangalia machoni, "msiba huu ni wangu pia."

Injini peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea.

Maka alimtazama, halafu akasogea. Alisogea polepole, akikusanya shuka, mpaka nusu ya mkeka ikabaki wazi. Mmoja wa majirani akasema inna lillahi. Saado akainuka, akaweka birika motoni.

"Amekubali!" Daktari alinong'ona, uso mzima umefunguka. "Umeona, Kulow? Umeona nguvu ya neno? Haya, mwambie asante, tuanze na mbuzi."

"Daktari, kaa kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Mpaka wao waseme enda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waseme."

Daktari alicheka, akidhani ni utani wa kwao. Kisha akaona si utani. Akatazama sanduku lake, akatazama mawingu. "Kulow, barafu."

"Najua."

"Kulow, lagga."

"Daktari, hii neno yako kwa lugha yetu haina mlango mwingine. Ukisema, umekaa."

"Nilikuambia utafsiri! Sikukuambia unitolee ahadi!"

"Umesema niingie kisima. Mimi nimeingia."

"Basi toka! Mwambie tulimaanisha pole. Rudisha."

Kulow akamgeukia Maka. Kabla hajafungua mdomo, yule mama akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Mwenye msiba mbona hakai?"

"Ana haraka, eddo. Ana damu ya mbuzi wa watu kwenye barafu, na maji yanakuja, na gari..."

"Si amesema msiba ni wake?"

"Amesema... ni yeye aliyesema, eddo, mimi nimetafsiri tu."

"Yeye amesema Kiingereza. Mimi Kiingereza sijui. Nimesikia wewe." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Umesema ni wangu. Wako, au wake?"

Mungu wangu. Kulow alisimama pale, tope linakauka usoni na kumvuta ngozi, na akawachukia watu wote kwa wakati mmoja. Akamchukia Daktari na semina yake. Akamchukia huyu mama na mkeka wake, kwamba hawezi kuchukua neno kama watu wengine wanavyochukua, likapita, maisha yakaendelea. Akamchukia Guleid na kijiti chake. Hata Mahat akamchukia, kwa kufa, kwa kumsifu mahali ambapo hakuwepo kujitetea.

Honi ikalia. Nyamai alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, anaonyesha anga kwa mkono mzima.

Daktari alimshika Kulow kiwiko, akamsogeza kando. Hakupiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikia. Ndani ya sanduku hili kuna majibu ya maboma mengi. Yakiharibika, hatujui ugonjwa umefika wapi, na watoto wa watu wengine watakufa kama mtoto wake. Hiyo unaielewa?"

"Naelewa, Daktari."

Na alielewa.

"Basi twende. Hii damu yake tuiache, tutajitetea kwa namna nyingine. Ingia gari."

"Nakuja."

Lakini miguu haikwenda. Maka hakumwita. Alikuwa ameshika tu ile nusu ya mkeka kwa mkono, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti mahali penye watu wengi.

"Kulow," Daktari alisema akiwa tayari mlangoni, "ukibaki hapa, umebaki. Mimi siwezi kupeleka jina la mtu aliyebaki porini siku ya kazi."

"Ingia, bana!" Nyamai naye akaita. Hakukuwa na mzaha tena kwenye sauti yake. "Ingia, utalia nao wiki ijayo, nitakuleta mwenyewe!"

Land Rover ikaanza kusogea polepole. Kulow akachukua hatua mbili kuifuata. Akasimama. Kiatu kikaruka kutoka dirishani, kikatua kwenye nyasi. Cha pili kikaangukia kwenye dimbwi, kikaelea kidogo, kikazama.

"Shika vizuri, embathaiz!" Nyamai alipaza sauti, na gari likapotea nyuma ya vichaka.

*

Kulow alikaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa. Saado akamletea chai ya maziwa, tamu mpaka inauma meno, na kipande cha anjera, ule mkate mwembamba wa chachu, na akala kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Hakuna aliyemwambia umefanya vizuri. Hakuna aliyemshukuru. Majirani waliongea juu ya majani, juu ya punda aliyekwama, wakanyamaza, wakaongea tena. Matone ya mvua yakaanguka machache, yakaacha.

Alimwona Guleid akicheka na wenzake. Alimwona Ruweyda akiambiwa, yule wako? Amefukuzwa hata kwenye kukodiwa. Alijaribu kufikiria Mahat, maana si ndiyo sababu amekaa, na Mahat hakuja. Lilikuja gari tu, na lile jina lake lisilokwenda Nairobi. Alijisikia mwongo. Amesema msiba ni wake, na msiba anaoulia ni mwingine kabisa.

Waliswali alasiri. Waliporudi mkekani Maka akaanza kuongea, bila kumtazama.

"Alinikataza nisimchune yule mbuzi. Alisema, hooyo, mama yangu, wewe mikono yako imechoka, nipe kisu. Nikampa." Akatazama mikono yake. "Kisu kilikuwa mkononi mwangu, Kulow. Nikampa."

Kulow alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya lugha tatu, na yote yalikuwa pale, yamejipanga, na hata moja halikutaka kutoka. Akaufunga. Akagundua kwamba analia, na hakujua anamlilia nani, na akaacha tu machozi yapite juu ya lile tope.

Maka alimwangalia mpaka alipomaliza.

"Yule daktari wako," akasema, "alitaka nini kwa mbuzi wangu?"

"Damu, eddo. Kidogo. Ya shingoni."

"Ya kufanya nini?"

"Waone kama ugonjwa bado uko ndani. Ili wengine wajihadhari."

"Mbona hakusema hivyo?"

"Alisema. Ile mara ya kwanza tulipokuja."

"Ile mara ya kwanza niliongea na gari."

Akainuka, magoti yakilia, akaenda zizini. Kulow akasikia miiba ikivutwa, mbuzi wakikwaruzana. Akarudi na mbuzi jike mweupe mwenye kichwa cheusi, mbavu nje, macho mazima. Akambana katikati ya magoti, akamshika kidevu, akakiinua juu na kukigeuza kando mpaka shingo ikanyooka.

"Haya. Chukua."

Kulow aliangalia upande wa barabara. Alama za magurudumu zilikuwa zimejaa maji.

"Eddo, sina sindano. Vitu vyote vimeenda na gari."

Maka hakumwachia mbuzi. Labda hakusikia, au labda alikuwa amesikia na hakuona kama hiyo ni sababu. Kulow akapiga magoti kwenye tope mbele yao. Akatenganisha manyoya ya shingo kwa vidole, akabonyeza kwa kidole gumba, na mshipa ukavimba, mnene, wa moto, ukipiga haraka haraka chini ya ngozi yake. Mbuzi akatulia. Mama akatulia.

"Haya," Maka akasema tena.

Na Kulow akabaki pale, kidole juu ya mshipa, anaogopa kukitoa, Maka asije akabaki na ndoo imejaa mkononi.